Zebra Ambayo Askari Hakuiona

Wangare hakuwahi kununua unga bila kuutia kidole. Mwenye duka angelalamika, "Mathe, pakiti imefungwa huko kiwandani, nani atauchezea?" Naye angemjibu kwamba aliyeifunga pia ni mtu. Basi angeitoboa pale pale kaunta, achukue unga kidogo, ausugue katikati ya kidole gumba na kidole cha shahada huku macho yake yakiangalia dari, na vidole vingemwambia. Huu ni wa zamani. Huu umeshika unyevu. Huu umechanganywa. Miaka thelathini ya kukanda chapati ilikuwa imemfundisha kwamba ulimi hudanganywa kwa chumvi na macho hudanganywa kwa karatasi ya kung'aa, lakini vidole, wapi!

Mkaa aliugonga asikie unalia vipi. Mteja akimwambia "nitarudi," alimtazama viatu, ajue kama ni mtu wa hapa au wa kupita. Ephantus, fundi wa viatu mwenye kibanda ubavuni mwa chake, alizoea kusema kwamba Wangare akifika mbinguni atamwomba Petro kitambulisho.

"Na nitamwomba," alisema Wangare. "Kwani namjua?"

Msidhani alizaliwa hivyo. Kuna wakati alikuwa mtu wa kuamini kama wengine. Alikuwa na kibanda Nakuru, kikubwa kuliko hiki cha sasa, chenye meza nne. Siku moja akaja kijana nadhifu, mpole, na mkebe wa rangi nyekundu. Akanywa chai, akasifu chapati, akachora X ubavuni mwa kibanda. "Ni kupima tu, mama, usijali." Wangare hakujali, tena alimwongezea chai. Wiki ya tatu tingatinga likaja alfajiri, na meza nne zikawa kuni. Tangu siku hiyo alijua jambo ambalo kila mchuuzi wa kando ya barabara Kenya hii analijua: rangi ni barua. Ukimwona mtu na brashi karibu na mali yako, usimwulize anachora nini. Mwulize nani amemtuma.

Alihamia Gilgil miaka sita iliyopita, akajenga kibanda cha mabati kando ya barabara ya lami inayoingia mjini, mkabala na lango la shule ya msingi. Na ni hapo Gilgil alipopata sababu ya pili ya kutomwamini mtu. Hiyo aliibeba kwenye mguu wa kushoto.

Kila saa nne asubuhi alikuwa akivuka barabara na karai la chapati kuwapelekea walimu. Alivukia kwenye zebra, kile kivuko cha mistari myeupe. Zebra ilikuwepo, jamani! Ilipigwa Jumapili moja watu wakiwa kanisani, na Jumatatu akaikuta, nyeupe pepepe, mistari tisa, aliihesabu mwenyewe. Ilikuwa zebra ya ajabu kidogo, maana ukiikanyaga ilibaki kwenye soli ya kiatu kama unga, lakini zebra ni zebra. Mvua ndefu ikapita, mvua fupi ikapita. Kwa macho ya mtu mwingine ilikuwa imeisha. Kwa Wangare, aliyeivuka kila siku, bado ilikuwa pale.

Asubuhi moja pikapu ya kabichi ikamkuta katikati. Mguu ulivunjika mara mbili na chapati arobaini zikatawanyika barabarani. Dereva alishuka, akashika kiuno, akamwambia askari wa trafiki, "Sasa boss, mimi ningesimama wapi? Zebra iko wapi hapa?" Askari akaangalia lami, kushoto, kulia, akaandika kwamba mama alivuka pahali pasipo na kivuko. Wangare, akiwa amelala hapo chini, alipiga kelele kwamba iko, iko, mmesimama juu yake! Watu wakatikisa vichwa, wakasema maskini, ni maumivu.

Mguu ulipona vibaya. Lile neno lililoandikwa na askari halikupona kabisa. Kwa miaka minne, kila alipovuka barabara ile akichechemea, alijua wanavyonong'ona: huyu ndiye yule mama aliyeota zebra.

Sasa, mwezi wa saba mwaka huu, akaanza kuja mzee mmoja. Mrefu, mwembamba, kofia ya sufu hadi masikioni, na viatu vyenye matone ya rangi nyeupe. Mara ya kwanza aliagiza chai na chapati mbili, akala moja. Akaangalia barabara. Akaangalia mguu wa Wangare. Akaondoka. Mara ya pili alifanya vile vile, na alipotoka alitembea kutoka kibandani hadi lango la shule, hatua kwa hatua, midomo ikihesabu. Mara ya tatu alifungua mdomo kama mtu mwenye neno, akaufunga, kisha akasema chai ni tamu.

"Chai yangu haijawahi kuwa tamu hivyo," Wangare alimwambia Ephantus. "Huyu mtu ana kitu."

"Labda anakutaka, mathe."

"Nyamaza wewe. Mtu akikutaka anaangalia uso, haangalii mguu. Na umeona rangi kwa viatu vyake?"

Ephantus aliacha kucheka. Kibanda chake pia kilikuwa kando ya barabara, na yeye pia alijua rangi ni barua. Tangu hapo walilinda kwa zamu, mmoja akienda haja mwingine anakodoa macho.

Jumamosi ya mwisho ya likizo ya Agosti, mzee akaja mara ya nne, na safari hii hakuja mikono mitupu. Alikuwa anasukuma dude. Ngai, dude gani lile! Chini lilikuwa kigari cha kubebea mtoto mchanga, kile cha magurudumu manne, kimevuliwa kitambaa chote. Juu yake ulining'inia mtungi wa plastiki wa lita ishirini, umepinduliwa mdomo chini na kutiwa koki ya tangi la maji. Koki ilivutwa kwa waya wa breki ya baiskeli uliopanda hadi kwenye mpini. Chini ya koki, karibu na lami, kilifungwa kisanduku cha bati kisicho na sakafu, na nyuma ya kisanduku kipande cha raba ya tairi, kimekatwa sawasawa kwa kisu. Nyuma ya dude alikuwa amefunga kreti ya soda yenye mikebe mitatu mikubwa. Yote ilikuwa ya kuokota na kuunga, na hakuna hata sehemu moja iliyoandikwa jina la ofisi yoyote.

Alipanga mawe kuziba nusu ya barabara. Kisha akaja hadi hatua moja kutoka mlango wa Wangare, pale lami inapoishia, akakwangua vumbi kwa kisigino cha kiatu. Hakupapasa huku na kule. Mara moja, mara mbili, akainama, akafunga kamba kwenye kitu kilichokuwa ardhini. Halafu akavuka barabara akiivuta.

Wangare aliona kamba inaanzia mlangoni pake. Aliona ile X ya Nakuru.

"Ephantus! Wamekuja!"

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na Wangare hakungoja kuona kama ni unyasi. Alivua aproni, akachechemea hadi kwenye lile dude, akashusha mkebe mmoja wa rangi na kuukalia, mguu mbovu ameunyosha mbele yake. Alikuwa tayari kukaa hapo hadi Krismasi. Ephantus alikuja na nyundo yake ya viatu, kwa heshima tu, hakukusudia kuitumia.

"Habari ya asubuhi, mama," alisema mzee.

"Wewe ni nani?"

"Naitwa Odongo. Natoka Nakuru, upande wa reli. Baba yangu alikuwa..."

"Sijakuuliza baba. Nani amekutuma?"

"Hakuna mtu. Nimejituma."

Angesema serikali, Wangare angeogopa. Angesema mheshimiwa, angemtukania huyo mheshimiwa. Lakini nimejituma! Katika kaunti nzima ya Nakuru ni nani aliyewahi kujituma na rangi mikebe mitatu, siku ya Jumamosi, bila chai ya mtu?

"Barua iko wapi?"

"Sina barua, mama."

"Leta kitambulisho."

Odongo alikitoa bila ubishi. Wangare alikisugua mbele na nyuma kwa kidole gumba, akalinganisha picha na uso, kisha akakitia kifuani mwake na kukaa vizuri zaidi juu ya mkebe.

"Mzee," alisema Ephantus, "tuambie tu ukweli. Mnabomoa lini?"

"Kubomoa nini?" Odongo aliwatazama, akatazama vibanda, na ndipo akaelewa. "Hapana, hapana, kijana wangu. Angalia kamba. Ingekuwa ya kubomoa ingefuata barabara, ipite mbele ya vibanda vyote. Hii inakata barabara. Napiga zebra. Shule inafunguliwa Jumatatu."

Ephantus akaitazama ile kamba. Kweli, ilienda moja kwa moja hadi lango la shule. Akavuta pumzi ndefu, akacheka peke yake, akarudi kwenye kiatu alichokiacha. "Mathe, ni zebra tu. Mpe mzee rangi yake."

Wangare hakuinuka. Hofu ya kibanda ilikuwa imemtoka, ndiyo, lakini mahali pake palikuwa pameingia kitu kingine. Zebra. Aliifuata ile kamba kwa macho, polepole, kutoka upande wa pili hadi upande huu. Ilipita pale pale alipolala na chapati zake. Si hatua moja kushoto, si hatua moja kulia. Halafu akatazama mwanzo wake. Ilifungwa kwenye msumari mnene wa zamani, umeliwa na kutu, umezama katika ukingo wa lami. Yeye alifagia mlangoni pake kila asubuhi kwa miaka sita na hakujua kuna msumari pale chini ya kokoto.

"Odongo." Sasa alimwita kwa jina. "Huo msumari ulijuaje uko hapo?"

Mzee akainama, akaanza kukaza waya wa breki uliokuwa umekazwa tayari.

"Nakuuliza. Askari alitafuta zebra hapa mchana kweupe na macho yake mawili, akaikosa. Wewe umekuja, umekwangua na kiatu mara mbili, umeipata. Uliambiwa na nani?"

Odongo alivua kofia. Kichwa chake kilikuwa kimejaa mvi. "Sikuambiwa," alisema. "Niliupigilia mimi."

Akaeleza akiwa amesimama, na hakuna aliyemkaribisha kukaa. Miaka mitano iliyopita alikuwa kibarua wa mkandarasi mmoja, mtu ambaye sasa ana nyumba za ghorofa. Walipewa mikebe kumi na miwili ya rangi ya barabara, wapige zebra za shule kadhaa kuanzia huku Gilgil. Tajiri akauza minane. Ile minne iliyobaki, akawaambia waiongeze kwa udongo mweupe wa Kariandusi, ule mwepesi unaochimbwa mlimani hapo karibu, unaofanya malori yatoke huko kama yametiwa unga. Walifanya kazi Jumapili ili mtu asiwaone wakikoroga.

"Na aliyekuwa anakoroga ni mimi," alisema Odongo. "Siku ya kwanza ilipendeza kuliko rangi ya kweli. Nilijua itaenda na mvua. Nilijua, mama, na nilikoroga. Nilikuwa na watoto wa shule."

Wangare alikuwa akitazama vidole vyake mwenyewe.

"Ilikuwa inashika kwa viatu," alisema. "Kama unga."

"Ndiyo."

"Niliwaambia!" Sauti ilimtoka hadi watu wa upande wa pili wakageuka. "Niliwaambia inashika kwa viatu! Ephantus! Ephantus, umesikia? Ilikuwepo! Mimi si wazimu, ilikuwepo!"

Wacha niseme ukweli: alifurahi kwanza. Furaha ilimpanda kabla ya hasira, machozi yakamlenga, na kule kufurahi mbele ya mtu kama yule ndiko kulikomtia hasira mara mbili.

"Na mimi ulinijua?"

"Nilisikia mwaka jana. Nilikuwa Olenguruone, napiga mistari ya kuegesha magari kwa kanisa. Kwa hiki kigari changu. Wamama wa kanisa walikuwa wanapika, mmoja akatoa hadithi. Eti huko Gilgil kuna mama aliota zebra akagongwa na kabichi. Wakacheka wote." Alikunja kofia mikononi. "Mimi sikucheka. Nikaanza kuweka rangi kando, kidogo kidogo. Nikaja hapa mara tatu nikuambie, nikashindwa."

"Ukala chapati yangu."

"Nilikula."

"Moja. Nyingine uliacha."

"Haikupita kooni, mama."

Ephantus, ambaye ni mtu wa kwaya na hupenda mambo yaishe vizuri, alikuwa amesogea tena. "Mathe, mzee ameungama. Msamehe tu, Mungu..."

"Nani amekuuliza wewe?"

Alijiinua kutoka kwenye mkebe, akaufungua kwa kijiko cha chai, akatumbukiza kidole hadi fundo la kwanza. Akakisugua na kidole gumba, macho juu mawinguni. Alisugua muda mrefu. Alitafuta ile chembechembe, ule ukavu wa udongo unaojificha ndani ya kitu kinachoteleza. Rangi ilikuwa nzito, inanata, haina hata punje.

"Hii haina udongo."

"Haina."

"Fungua huo mwingine."

Akaupima. Akaupima na wa tatu. Akajipangusa vidole kwenye nyasi, navyo havikutakata.

"Bado sikuamini," alisema.

"Najua."

"Utapiga mara ngapi?"

"Mara mbili inatosha. Ile itabaki nitaenda kupiga..."

"Piga tatu."

"Rangi itaisha yote, mama."

"Iishe. Leo hakuna ya kuuza."

Odongo alirudisha kofia kichwani, akamimina rangi mtunguni, akaanza kazi. Alivuta breki, koki ikafunguka, rangi ikashuka ndani ya kisanduku cha bati, naye akarudi nyuma taratibu akiliburuta lile dude, mgongo umenyooka, bila kutikisika. Nyuma ya raba ukatokea mstari mweupe wenye kingo kali, kama umekatwa kwa wembe. Wangare alienda sambamba naye, akichechemea, ameinama, na kila baada ya hatua tatu alichoma kijiti cha kiberiti ndani ya rangi kuona kina chake. Akiona hafifu alisema, "Hapa." Odongo alirudi. Hakubisha hata mara moja. Watu wa sokoni walisimama na vikapu vyao kutazama mambo hayo, wengine wakiuliza ni nini kinatafutwa barabarani.

Nusu ya kwanza ilipokwisha walihamisha mawe, wakaingia nusu ya pili, na walipofika mstari wa nane, Wangare alisema kwa sauti ya chini, "Nilihesabu tisa."

"Zilikuwa tisa," alisema Odongo.

Hakuna mtu mwingine duniani aliyelijua hilo. Wakaenda wa tisa.

Walingoja jua likaushe, wakapiga ya pili, nusu kwa nusu, wakihamisha mawe. Ya tatu ilimalizika saa tisa alasiri, na mikebe ilikuwa mitupu kiasi kwamba Wangare aliipindua yote, mmoja mmoja, kuhakikisha. Odongo alifunga kamba yake na kuitia mfukoni.

"Mama, naomba kitambulisho."

"Kitambulisho kitakaa kwa mkebe wangu wa majani chai. Mvua fupi iishe, na mvua ndefu iishe. Uje hapa nivuke na viatu visafi, tuangalie soli pamoja. Kama hakuna kitu, nitakupatia."

"Na polisi wakinisimamisha njiani?"

"Waambie kiko kwa yule mama aliyeota zebra. Wananijua."

Odongo alishika mpini wa dude lake. "Nitarudi," alisema.

Wangare akamtazama viatu. Vilikuwa vimelowa rangi mpya hadi kwenye kamba, juu ya ile ya zamani.

Wakati huo ndipo lori la viazi lilipotokea upande wa mjini, likija mbio, honi imeshikiliwa. Mawe yalikuwa yameshaondolewa na mistari miwili ya mwisho ilikuwa bado mibichi. Odongo alipiga ukelele. Ephantus akapiga ukelele. Wangare alinyakua kifuniko cha sufuria kubwa ya chai, akaingia barabarani na mguu wake ule, akasimama katikati, kifuniko kimeinuliwa juu. Aliogopa. Mguu wa kushoto ulianza kuuma palepale ulipovunjika. Hakuondoka.

Breki zililia hadi watu wakaziba masikio. Lori lilisimama hatua nne mbele yake, na dereva akatoa kichwa dirishani, jasho limemtoka.

"Mathe! Wewe ni wazimu? Unataka nisimame wapi?"

Wangare alikishusha kifuniko polepole, akakielekeza chini, mbele ya miguu yake.

"Hapo. Kwani wewe huoni?"

Dereva akainama, akaangalia lami, kushoto, kulia. Akaangalia kwa muda.

"Naona, mathe," alisema, na akazima injini.